Claude Makélélé: mtoto wa Kinshasa aliyeiachia numero 6 jina lake

Claude Makélélé Sinda ni mchezaji wa kabumbu aliyestaafu mwaka 2011. Alizaliwa Kinshasa tarehe 18 mwezi wa pili 1973, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, akakulia Ufaransa. Kwa karibu miaka 20 alicheza katikati ya kiwanja katika Nantes, Marseille, Celta Vigo, Real Madrid, Chelsea na Paris Saint-Germain. Ekipe ya taifa ya Ufaransa aliichezea mechi 71. Katika hizo mechi 71 hakufunga hata goli moja.

Kijana ambaye hakumuona akicheza anaweza kuuliza: sasa mtu asiyefunga, asiyepita mabeki watatu kwa chenga, anakumbukwa kwa nini? Tena si kukumbukwa tu. Kule Uingereza, pale mahali anaposimama mchezaji wa katikati mbele ya mabeki wake, makocha na watangazaji mpaka leo wanapaita kwa jina lake: nafasi ya Makélélé. Kuna washambuliaji waliofunga magoli mamia na hawakupata heshima ya namna hiyo.

Jina lenyewe linachekesha kidogo. Kwa Kilingala makelele ni kelele, na kwa Kiswahili hatuhitaji mtafsiri. Lakini kazi aliyoifanya ilikuwa kazi ya kimya, ile ambayo mtu pembeni ya kiwanja anaitazama dakika 90 na bado anauliza jirani yake: «Ule numero sita iko anafanya nini?» Swali hilo liliulizwa Madrid pia, na viongozi wakubwa wa klabu. Jibu walilipata alipokwisha kuondoka.

Baba mchezaji, mtoto mchezaji

Kabumbu aliikuta nyumbani. Baba yake, André-Joseph Makélélé, alivaa jezi ya ekipe ya taifa ya Zaire, kisha akacheza Ubelgiji katika klabu ya Union Saint-Gilloise. Mwaka 1977, Claude akiwa na miaka 4, familia ilihamia Ufaransa, ikakaa Savigny-le-Temple, mji mdogo kusini-mashariki mwa Paris. Huko alianza kucheza na watoto wenzake, akapita Melun, halafu akachukuliwa na kituo cha mafunzo cha klabu ya Brest. Brest ilifilisika mwaka 1991 na wachezaji wakatawanyika. Nantes wakamchukua yule kijana mfupi mwenye mbio.

Nantes ya wakati ule ilikuwa shule. Kocha Jean-Claude Suaudeau alitaka mpira uguswe mara moja na kusonga mbele, na wengi wa wachezaji wake walikuwa wamelelewa ndani ya klabu yenyewe. Makélélé hakuwa numero 6 hapo. Alichezeshwa zaidi upande wa kulia, kazi yake kukimbia na mpira na kuwapelekea washambuliaji. Pamoja naye walikuwepo Christian Karembeu wa Nouvelle-Calédonie na Japhet N'Doram wa Chad. Msimu wa 1994-95 Nantes walichukua ubingwa wa Ufaransa wakiwa wamepoteza mechi moja tu. Mwaka uliofuata walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, wakatolewa na Juventus: 2-0 kule Torino, kisha wakashinda 3-2 kwao bila kutosha.

Mwaka 1997 alikwenda Marseille, akakaa msimu mmoja. Mwaka 1998 Ufaransa ilichukua Kombe la Dunia nyumbani kwake, na yeye hakuwemo kwenye kikosi. Alikuwa na miaka 25, na katika nchi yake ya pili watu wengi walimwona kama mchezaji mzuri wa kawaida.

Vigo, pale alipobadilishwa kazi

Celta Vigo ni klabu ya mji wa bandari na wavuvi, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Haikuwa na pesa za Madrid wala Barcelona, lakini miaka ile ilikuwa na ekipe ya kupendeza: Warusi Mostovoi na Karpin, Muargentina Gustavo López, na Mbrazili Mazinho aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1994. Kocha Víctor Fernández alikuwa na watu wengi wa kushambulia. Alichokosa ni mtu wa kubaki nyuma yao. Akamweka Makélélé.

Matokeo yalionekana Ulaya nzima. Mwezi wa 11 mwaka 1999 Celta waliipiga Benfica ya Ureno magoli 7-0. Miezi michache baadaye, Juventus ile ile iliyomtoa akiwa Nantes ilifika Vigo na kurudi na 4-0 mgongoni. Goli la kwanza siku hiyo, mpira ukiwa ndiyo tu umeanza, alilifunga Makélélé. Ni moja kati ya magoli machache ya maisha yake, na alijua kuchagua siku.

Tusimame kidogo kwa hii kazi yenyewe, kwa sababu hata katika makipe yetu inaeleweka vibaya. Mara nyingi tunampa numero 6 kijana mkubwa wa mwili, mwenye kupiga watu miguu. Makélélé hakuwa mrefu na hakuwa mnene. Nguvu yake ya kwanza ilikuwa kujua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Beki wa kushoto akipanda, yeye anasogea kushoto kufunika lile pengo. Beki akirudi, na yeye anarudi katikati. Wafugaji wa Masisi wataelewa upesi: ni kama mchungaji anayekwenda kusimama pale uzio ulipobomoka kabla ng'ombe hawajaanza kutoka. Ukifika na kukuta zizi limetulia, utadhani hakuna kazi iliyofanyika.

Kunyang'anya mpira kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuutoa miguuni haraka, pasi ya mita 5 ama 10, kwa mtu anayejua kucheza. Hakujaribu pasi za mita 40. Wengine walimcheka kwa hilo, wakisema hana ufundi. Ukweli ni kwamba mpira ukipotea kwa numero 6, nyuma yake kuna mabeki wawili na golikipa tu. Kucheza rahisi pale ndiyo akili.

Madrid: miaka 3 na swali la mshahara

Katika mwaka 2000 Real Madrid walipata rais mpya, Florentino Pérez, aliyeshinda uchaguzi kwa ahadi ya kumleta Luis Figo kutoka kwa maadui Barcelona. Pesa ilitakiwa, na mmoja wa waliouzwa alikuwa Fernando Redondo, kiungo wa Argentina aliyekuwa amechukua Ligi ya Mabingwa na Madrid miezi michache tu nyuma. Mashabiki walikasirika sana. Redondo alikuwa mchezaji wa fahari, kichwa juu, mguu wa kushoto kama kalamu. Alikwenda Milan, akaumia goti karibu mara tu alipofika, na akawaambia viongozi wa Milan wasimlipe mshahara wakati hachezi. Watu wa namna hiyo si wengi.

Nafasi iliyobaki wazi ikaangukia kwa Makélélé, ambaye naye aligomea mazoezi ya Celta ili aruhusiwe kuondoka. Hakufanana na Redondo hata kidogo. Lakini Madrid ilikuwa inajaza nyota: Figo 2000, Zidane 2001, Ronaldo wa Brazili 2002, na Roberto Carlos aliyekuwa beki kwa jina tu, maana muda mwingi alikuwa kwenye kona ya wapinzani. Mtu mmoja alibaki kulinda migongo yao wote. Walichukua ubingwa wa Hispania 2001 na 2003, na Ligi ya Mabingwa 2002 kule Glasgow dhidi ya Bayer Leverkusen, ile fainali ya goli la Zidane la mguu wa kushoto. Makélélé alianza mechi hiyo. Picha zake za siku ile ni chache.

Mwezi wa 5 mwaka 2003, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Madrid walikwenda Torino wakiwa na 2-1 ya nyumbani. Makélélé hakucheza. Juventus wakashinda 3-1. Alama ilikuwa imetolewa, lakini aliyeiona alikuwa nani?

Kiangazi kile aliomba mshahara uongezwe. Alikuwa analipwa mbali sana chini ya wale aliokuwa anawalinda, na Beckham alikuwa ndiyo anafika na pesa nyingine. Wachezaji wenzake, Zidane akiwemo, walikuwa upande wake. Pérez alikataa. Makélélé akaomba kuondoka, na Chelsea, iliyokuwa imenunuliwa miezi hiyo hiyo na Mrusi Roman Abramovich, ilitoa pauni zaidi ya milioni 16. Baada ya hapo rais wa Madrid alieleza hadharani kwamba hawatamkosa: ufundi wake ni wa kadiri, hana kichwa, pasi zake nyingi zinakwenda nyuma ama pembeni, na vijana watakuja kumsahaulisha. Zidane naye husimuliwa kwamba aliuliza kuna faida gani kupaka dhahabu nyingine juu ya gari wakati unatoa injini yake.

Haya, tuhesabu. Msimu wa 2003-04 Madrid waliongoza ligi kwa muda mrefu, kisha wakapoteza mechi 5 za mwisho mfululizo na kumaliza wa nne. Fainali ya Kombe la Mfalme walipoteza 3-2 mbele ya Zaragoza. Ligi ya Mabingwa walitolewa na Monaco, na aliyewafunga ni Morientes, mchezaji wao wenyewe waliyemwazima. Walijaribu katikati Beckham, Guti, Helguera. Walikuwa na Esteban Cambiasso, Muargentina mwingine, na wakamwacha aende Inter bure mwaka 2004, ambako alikuja kuchukua Ligi ya Mabingwa 2010. Walinunua Gravesen kutoka Everton. Misimu mitatu mizima ilipita bila ligi, bila kombe, mpaka 2007.

Haitakuwa haki kusema yote ni kwa kukosa mtu mmoja. Mwaka ule ule aliondoka Hierro, nahodha na beki wa kati, na kocha Vicente del Bosque alikataliwa mkataba siku chache baada ya kuchukua ubingwa. Lakini hao wote watatu walikuwa wa upande mmoja: wale ambao sura zao haziuzi jezi.

Chelsea: watu watatu dhidi ya wawili

Uingereza wakati huo ekipe nyingi zilicheza 4-4-2: wanne nyuma, wanne katikati, wawili mbele. Kocha José Mourinho alipofika Chelsea mwaka 2004 alipanga 4-3-3, na Makélélé akiwa peke yake mbele ya mabeki. Hesabu yake ilikuwa ya mtoto wa shule: wapinzani wana watu wawili katikati, sisi tuna watatu, basi mmoja wetu atakuwa huru siku zote. Wakimfuata Makélélé, Lampard anabaki bila mtu. Wakimwacha, yeye ndiye anaanzisha mchezo kwa utulivu wake.

Msimu wa 2004-05 Chelsea walichukua ligi kwa pointi 95, na katika mechi 38 walifungwa magoli 15 tu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 kuwa mabingwa. Mwaka 2006 wakarudia. Makocha wengine walianza kuiga, na njo hapo jina la mtu likageuka jina la kazi. Wenzake kutoka Afrika, Michael Essien wa Ghana na John Obi Mikel wa Nigeria, walicheza naye, na Mikel ndiye aliyerithi nafasi.

Siku Chelsea walipokabidhiwa kombe nyumbani, mwezi wa 5 mwaka 2005 dhidi ya Charlton, walipata penalti dakika za mwisho kabisa. Uwanja mzima ulitaka apige Makélélé, ambaye hakuwa amefunga hata goli moja tangu afike. Alipiga, golikipa akautoa, ukamrudia, akausukuma ndani. 1-0. Furaha ya wachezaji siku ile ilipita ya magoli mengi mazuri. Katika mechi zaidi ya 200 na Chelsea alifunga mawili. La pili lilikuwa dhidi ya Tottenham 2006, na mechi hiyo walipoteza.

Tusimfanye malaika lakini. Mwaka 2004, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Monaco, mpinzani wake Akis Zikos alimgusa nyuma ya kichwa naye akaanguka kama mtu aliyepigwa rungu. Zikos akapewa kadi nyekundu. Watu wengi hawakupenda, na soka nalo lilijibu: Monaco wakiwa 10 walifunga mawili na kushinda 3-1.

Mechi yake ya mwisho na Chelsea ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2008 kule Moscow, dhidi ya Manchester United. Alicheza muda wote wa kawaida na wa nyongeza, akatolewa sekunde za mwisho ili aingie Belletti wa kupiga penalti. Chelsea wakapoteza kwa penalti 6-5.

Ufaransa ama Congo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kila jina lake linapotajwa kwetu. Alivaa jezi ya wakubwa ya Ufaransa mara ya kwanza mwezi wa 7 mwaka 1995. Miezi 6 baadaye Zaire ilicheza CAN kule Afrika Kusini na kufika robo fainali, ikatolewa na Ghana 1-0. Mwaka 1998, wakati Ufaransa haimhitaji, Léopards walichukua nafasi ya tatu ya CAN kule Burkina Faso. Mtu anaweza kuota ingekuwaje na yeye katikati. Lakini alitoka hapa na miaka 4, na sheria za wakati ule hazikufungua mlango wa kugeuka baada ya kuchagua.

Hayuko peke yake. Steve Mandanda, golikipa, alizaliwa Kinshasa na kuchezea Ufaransa, wakati mdogo wake Parfait, golikipa pia, alichezea Congo: nyumba moja, bendera mbili. José Bosingwa alizaliwa Mbandaka na kuchezea Ureno. Romelu Lukaku alizaliwa Ubelgiji, na baba yake Roger alikuwa mchezaji wa Zaire, hadithi karibu sawa na ya akina Makélélé. Siku hizi sheria ya FIFA inamruhusu aliyecheza ekipe za vijana za Ulaya kurudi kwa nchi ya wazazi, na njia hiyo ndiyo waliyopita Cédric Bakambu na Gaël Kakuta kuja Léopards.

Na Ufaransa yenyewe haikumpa raha yote. Kombe la Dunia 2002 walirudi nyumbani bila goli hata moja. Baada ya Euro 2004 alistaafu ekipe ya taifa. Mwaka 2005 yeye, Zidane na Thuram walirudi kuiokoa ilipokuwa hatarini kukosa Kombe la Dunia, na 2006 wakafika fainali kule Berlin. Pembeni yake alikuwa Patrick Vieira, mzaliwa wa Dakar. Dunia inakumbuka kichwa cha Zidane kifuani mwa Materazzi. Makélélé alicheza dakika zote 120, na Italia wakashinda kwa penalti. Akataka kuacha tena. Kocha Raymond Domenech akamwita hata hivyo, na kwa sheria mchezaji aliyeitwa akikataa hawezi kuchezea klabu yake siku hizo. Mourinho alilalamika kwa sauti kubwa. Makélélé akaenda, akacheza mpaka Euro 2008.

Baada ya hapo

Miaka mitatu ya mwisho aliicheza Paris Saint-Germain, kabla ya pesa za Qatar, wakati klabu ilikuwa inahangaika. Akawa nahodha, akachukua Kombe la Ufaransa 2010 dhidi ya Monaco, akaacha 2011 akiwa na miaka 38. Katika nafasi inayotaka kukimbia kiasi kile, huo ni umri mkubwa.

Ukocha haukumpa njia nyoofu. Alikuwa msaidizi PSG, akapewa Bastia mwaka 2014 na kuondolewa baada ya miezi michache, akawa mkurugenzi wa michezo Monaco 2016, msaidizi Swansea 2017, kisha kocha mkuu wa Eupen ya Ubelgiji mpaka 2019. Mwaka huo Chelsea walimrudisha, safari hii kuwaongoza vijana wa chuo chao.